Misingi mitatu, tanuru moja

Kolwezi, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika kidogo. Mimi ndiye sijapumzika.

Mgongo unauma, magoti yanauma, na hata hiki kidole ninachoshikia kalamu kina jeraha la chokaa. Nimekaa mlangoni, daftari liko mapajani, kwa sababu ndani kuna giza la mawingu. Leo nataka kuandika yote bila kujipendelea. Kwa muda wa wiki mbili nimekuwa nikiandika humu habari za hali ya hewa na bei ya unga, kana kwamba ndizo zilizokuwa zikininyima usingizi.

Nimechoka. Nianzie hapo.

Ijumaa mchana mvua ya kwanza ilishuka. Sisi wote tulijua inakuja, maana joto lilikuwa limetukaba wiki nzima na wale kumbikumbi walishaanza kutoka. Lakini mjenzi ana ujinga wake: kila mwaka anaamini mvua itamsubiri yeye amalize. Tanuru letu la matofali lilikuwa limesimama tayari, refu kuliko mtu, limebakiza kuchomwa tu. Tulikuwa tunangoja mkokoteni wa mwisho wa kuni. Kuni siku hizi zinatoka mbali, pori la karibu limekwisha kabisa. Mkokoteni ulifika Ijumaa hiyohiyo, saa moja baada ya mvua.

Tulilifunika kwa majani, ila majani hayakutosha tanuru la ukubwa ule. Maji yakaingia kutoka juu. Tofali bichi likipata maji linarudi kuwa udongo, halina ubishi. Nilisimama pale nikatazama pembe moja ikilegea, kisha ubavu wote ukashuka taratibu.

Kapend alikuwa karibu yangu. Kapend ndiye mfyatuaji wangu wa matofali, Mlunda kutoka upande wa Musumba, mtu wa maneno machache, ambaye anaweza kuonja udongo wa kichuguu kwa ulimi na kukuambia kama utapasuka motoni. Mwezi wa nane alinishauri tujenge matanuru madogo matatu, moja kwa kila kazi, tuchome moja baada ya jingine. Nilimwambia moja kubwa linakula kuni chache. Nilikuwa na hakika na hesabu yangu ya kuni, nikamwona yeye kama mtu anayependa kujipa kazi.

Ijumaa hakunikumbusha kwa kelele. Alikamua maji kwenye kofia yake, akaniita tata, yaani baba, kwa heshima ileile ya kila siku:

"Tata Ilunga, mi nilisema bitatu bidogo."

"Ulisema."

"Moya ingelowa, bibili bingebakia."

Akaenda kuokoa yale ya chini. Afadhali angenitukana.

Sasa niandike kuhusu Tata Mutombo, maana hili tanuru lingekuwa hasara ya kawaida kama si yeye. Tata Mutombo ni mtu wa Kasai kama mimi. Aliletwa huku kijana, akafanya kazi ya mgodi hadi nywele zikawa nyeupe. Kontra yake, mkataba wa kazi, imekwisha. Nyumba anayokaa kambini ni ya kampuni, na mwisho wa mwezi huu lazima arudishe ufunguo, maana kuna kijana mwenye mke ameshaandikiwa nyumba ileile. Zimebaki wiki mbili. Ana mke wake, Mama Ntumba, na wajukuu wawili ambao mama yao alifariki. Amepata kiwanja huku kwenye makao ya raia, akanipa mimi nimjengee. Nyumba ya vyumba viwili na baraza. Mabati ameshanunua, yamelala chini ya kitanda chake, yeye huyaita manjanja yangu, kama mtu anayetaja mifugo.

Kuta zake zimefika usawa wa madirisha. Hapo ndipo zilipo tangu mwezi wa saba.

Mtu yeyote wa ujenzi akisoma hapa atauliza: tangu mwezi wa saba ulikuwa wapi?

Nilikuwa nachimba misingi ya watu wengine.

Sisi waashi wa hapa tuna desturi yetu. Ukipewa kazi, unakwenda kiwanjani na vijiti vinne na kamba. Unapigilia vijiti kwenye pembe, unavuta kamba, unachimba mtaro hata wa siku mbili tu. Tangu hapo kazi ni yako. Hakuna mwashi mwingine atakayeweka tofali kwenye mtaro wa mwenzake kabla mwenyewe hajang'oa vijiti vyake kwa mkono wake, mbele ya mwenye kiwanja. Desturi hii ilianza vizuri, ili tusinyang'anyane kazi kama mbwa. Ila ina upande wake mwingine. Mwenye nyumba akishaona kamba yako imevutwa, amefungwa. Anaweza kukusubiri mwaka mzima na hawezi kumpata mtu mwingine, kila atakayemwendea atauliza kwanza vijiti ni vya nani.

Nami mwaka huu niliogopa. Waashi wamekuwa wengi, kila treni inashusha wengine wenye mwiko begani. Kwa hiyo mwezi wa saba nilipigilia vijiti kwa kalani mmoja, mwandishi wa ofisi ya posta, na wiki iliyofuata nikapigilia kwa Waprotestanti wa nyuma ya soko, wanaotaka nyumba ya sala. Nilijua tanuru moja haliwezi kulisha kazi tatu kabla ya mvua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nilitaka tu wasiende kwa mwingine.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, kwa maneno machache.

Na kuna jingine ambalo hata Kapend halijui. Wiki mbili zilizopita mtu wa reli alinipa habari kwamba kule Tenke wanatafuta waashi wa nyumba za wafanyakazi, kazi ya msimu mzima, na unapewa mahali pa kulala. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri sana. Nilikwisha kuamua nguo zipi nitabeba. Na tangu siku ile nikawa nazunguka kupitia upande wa mto kila ninapokwenda mjini, ili nisipite mbele ya kiwanja cha Tata Mutombo. Nilijiambia kwamba huko kuna kivuli.

Mara nyingi nimesikia watu wakilaumu nyumba zilizoachwa. Zimejaa hapa: kuta zimefika kiunoni, majani yameota chumbani, mbuzi wanalala palipokusudiwa meza. Watu husema mwenyewe aliishiwa, au mwashi alikuwa mlevi. Huenda. Mimi si mlevi. Kwangu ilianza siku niliyokwepa kupita mahali kwa sababu niliogopa kuulizwa swali.

Jana, siku ya posho, nilijikokota kwenda kambini kwa Tata Mutombo. Nilimkuta nje, anapaka mafuta bawaba za sanduku la nguo. Ndani Mama Ntumba alikuwa anafunga masufuria kwenye shuka. Nilimwambia mvua imeharibu tanuru. Nikamweleza ubavu ulivyoanguka, nikamweleza kuni zilivyochelewa. Maneno yote yalikuwa ya kweli na yote kwa pamoja yalikuwa uongo, maana sikutaja mitaro mingine miwili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanisogezea kigoda.

"Mvula ni ya Mungu," akasema. "Haina makosa yako, Tata Ilunga."

Nilikaa kwenye kigoda chake kama mwizi aliyekaribishwa chakula.

Mama Ntumba alitoka na shuka lake mkononi. Yeye hakuongea habari za Mungu. Alinitazama, akatazama mumewe.

"Nyumba ikikosa, anasema tutapanda treni turudie ku Kasai," alisema. "Mi sina tena muntu kule. Mama alikufa, bakaka balikufa. Tutafikia ku nani? Na hawa batoto habayue hata luga ya kule."

Tata Mutombo alimwambia aache, mafundi hawasumbuliwi. Aliacha. Akarudi ndani kufunga masufuria.

Nilitembea kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili nilipita kwenye kiwanja chao. Nilipima kuta kwa hatua. Kwa vyumba viwili tu, baraza tuliache, zinahitajika siku kumi za kazi na matofali yaliyoiva. Siku ninazo. Matofali ndiyo sina. Ya chini ya tanuru, yale Kapend aliyookoa, bado ni mabichi, na kuni zimelowa.

Matofali yaliyoiva niliyajua yaliko. Kwenye kiwanja cha Waprotestanti. Waliyachoma wenyewe kiangazi cha mwaka jana, akina mama na vijana wa kwaya, na nilipochimba wakayapanga vizuri kando ya mtaro wangu, wakayafunika kwa majani mazito. Nyumba ya sala ingehitaji zaidi, ila kwa vyumba viwili yanatosha kabisa. Nayo si yangu.

Kalani wa posta naye ana rundo dogo. Leo asubuhi nilianzia kwake, kwa sababu yeye ni mmoja na kanisa ni wengi, na mwoga huanza na walio wachache. Nilimwambia kila kitu. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesoma, akasema matofali yake hayatembei, ila yeye mwenyewe atasubiri mwaka ujao, hana haraka. Nilimwuliza kama anataka nikamng'olee vijiti apate mwingine. Akasema hapana, heri fundi mwongo unayemjua.

Basi nikaenda kwa Waprotestanti.

Mimi ni Mkatoliki, nilifundishwa uashi na mafrere, mabruda wa misheni, na sijawahi kuingia kwenye sala za wengine. Wanasalia chini ya kibanda cha nyasi kinachovuja. Nilisimama nje hadi wimbo wa mwisho, maji ya paa yakinidondokea begani. Mchungaji wao alikuwa amekwenda kijiji kingine, sala iliongozwa na Mama Kalenga, mkubwa wa akina mama, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Waliponiona walifurahi. Walidhani nimekuja kuanza kazi. Mtoto mmoja wa kike alinipa nafasi kwenye benchi.

Sikukaa. Ningekaa nisingesema.

Niliwaambia habari za Tata Mutombo, ufunguo, wiki mbili, tanuru. Niliwaambia naomba matofali yao, na kwamba kiangazi kijacho nitawachomea mengine kwa mkono wangu, kabla sijagusa kazi ya mtu mwingine yeyote. Minong'ono ikaanza, na ilikuwa minong'ono mizuri, ya huruma, kwa sababu walidhani ni habari ya mvua. Ningeweza kunyamaza hapo. Nilitamani sana kunyamaza hapo.

Nikasema, na msingi wenu huu nilichimba ili msiende kwa mwashi mwingine.

Nikasikia mvua ikidondoka kwenye ndoo waliyoiweka katikati.

Mama Kalenga alifunga kitabu chake cha nyimbo.

"Tata Ilunga. Ile siku ulichimba hapa, uliyua kama hautajenga mbele ya mvula?"

"Niliyua, mama."

"Kuko mwashi wa ku Dilala alikuya mwezi wa nane. Aliona bijiti byako, akarudia. Uliyua ile pia?"

Hilo sikulijua. Nilimwambia sikulijua. Lakini nilipolisikia nilielewa vizuri kabisa: kuna mtu mwenye mikono mizima alikuja kuwajengea watu hawa, akageuka kwa heshima yake kwangu. Kama si kamba yangu, leo wangekuwa wanasali pakavu.

Walizungumza wenyewe kwa wenyewe, mimi nikiwa nimesimama palepale. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Mzee mmoja aliuliza kama huyu Mutombo ni mtu wa kanisa lao. Hapana, akajibiwa, ni Mkatoliki. Wakaendelea. Mwishowe Mama Kalenga akanigeukia.

"Matofali, utapata. Bale batoto balale pakavu," akasema. "Lakini ng'oa bijiti byako. Sasa, tuone."

Nimejenga hapa mjini tangu nyumba zilipokuwa za kuhesabika. Sijawahi kung'oa kijiti changu. Waashi wanajua maana yake, na kesho kutwa Kolwezi nzima itakuwa inajua. Nilitoka na watu wote wakatoka nyuma yangu, wamejifunika magunia vichwani. Mtaro ulikuwa umejaa maji mekundu. Kijiti cha kwanza kilitoka kirahisi, udongo ulikuwa laini. Cha pili na cha tatu hivyohivyo. Cha nne kiligoma, ikabidi nipige magoti kwenye tope na kukitikisa kwa mikono miwili, na hakuna aliyenisaidia, na sikutegemea. Nilizungusha kamba kwenye vijiti vyangu vinne, nikaviweka chini ya mkono.

Nilidhani nitatafuta mkokoteni kesho. Lakini Mama Kalenga aliondoa majani kwenye rundo, akajitwika matofali manne kichwani, akauliza kiwanja kiko upande gani. Wakafuata wote. Sikumbuki kama niliwahi kuona kazi ya namna hiyo: mstari wa akina mama katika nguo za Jumapili, wengine wamevua viatu wameshika mkononi, matofali kichwani, wakipita katika matope. Wenyeji walitoka milangoni kutazama. Vijana wa kwaya walikwenda mara tatu, mara nne. Yule mwenye hasira alikwenda mara nyingi kuliko wote na hakunitazama hata mara moja.

Mimi nilipanga. Kila aliyefika nilipokea matofali yake, nikayaweka chini, nikasema asante. Wengi hawakuitikia.

Katikati ya kazi Tata Mutombo akafika. Mtu alikuwa amempelekea habari kambini. Alikuja na Mama Ntumba na wale wajukuu, amevaa koti lake la kazi lenye namba, na alipoona rundo limeinuka hadi dirishani alivua kofia. Hakuwajua watu hawa. Alikwenda kwa kila mama kumshika mkono, hata wale wenye mzigo kichwani. Mama Ntumba alikuwa amesimama mlangoni, pale patakapokuwa mlango, ameshika ukuta.

Kisha Tata Mutombo akaja kunishika mimi begani, mbele ya wote.

"Muone huyu muntu," akawaambia. "Mvula ilimuharibia yote, na hakutuacha. Ni muntu wa kweli."

Nilimtazama Mama Kalenga. Nilitazama yule kijana wa kwaya. Wote walikuwa wameshasikia kutoka kinywani mwangu mimi ni mtu wa namna gani.

Hakuna aliyesema neno. Mama Kalenga aliweka matofali yake chini, moja juu ya jingine, akapangusa mikono kwenye kitambaa, akamwambia Mama Ntumba kwamba nyumba ni nzuri, itapata upepo. Wakaaga. Wakaondoka kwenda kwenye kibanda chao kinachovuja.

Nimerudi nyumbani na tope kwenye suruali ya misa, na nikafungua daftari hili.

Najua nitakachowaambia vijana wanaoanza uashi, kama kuna atakayenisikiliza baada ya wiki hii. Usivute kamba mahali ambapo huna tofali. Choma kidogo kidogo, kila nyumba na moto wake. Paa liwe limelala tayari mahali fulani kabla ukuta haujapita dirisha. Na ukichelewa, nenda ukaseme ukiwa umechelewa siku tatu, kwa maana ukichelewa miezi mitatu ulimi unakuwa mzito kuliko jiwe. Hayo yote nilikuwa nayajua, mengine niliambiwa na Kapend bure. Sikuyakosa kwa ujinga. Niliogopa kuonekana fundi wa kazi moja.

Lakini hilo si zito. Zito ni Tata Mutombo na ule mkono wake begani mwangu.

Wale akina mama hawakuninyamazia kwa ajili yangu. Walimnyamazia yeye, asije akajua siku ileile anayopata ukuta kwamba aliyempa kazi alimwacha asubiri akaenda kuchimba kwa wengine. Huo ulikuwa ukarimu wao. Mimi siwezi kuishi ndani yake. Nikikaa kimya nitamjengea nyumba na atanisalimia kila siku hadi kufa, mtu wa kweli, mtu wa kweli, na kila mara nitatafuta njia nyingine ya kupita.

Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuchanganya udongo, nitamwambia. Mitaro mitatu, mwashi wa Dilala aliyerudi, Tenke, yote. Nitamwambia akiwa na Mama Ntumba, maana yeye alikuwa ameshaanza kunitilia shaka na ana haki ya kujua kwamba hakukosea.

Anaweza kunifukuza? Hapana, wiki mbili hazimruhusu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi: hata hasira yake nimemnyang'anya, maana ananihitaji.

Basi akasirike huku nikijenga. Atakaa kwenye sanduku lake anitazame, na mimi nitalaza matofali ya watu walionifukuza, mstari kwa mstari, hadi mahali pa manjanja yake.